Kitambulisho cha uandishi wa habari kwa mwandishi wa kujitegemea Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waandishi wa kujitegemea wa mikoa yetu miwili: wanaotuma habari Dar es Salaam na kulipwa kwa habari moja moja, wapiga picha wa kukodiwa, vijana wa redio za jamii wasio na mkataba, na wenye chaneli zao mtandaoni. Majibu mengine yanatoka kwenye sheria. Mengine ni maoni yangu, na yakiwa maoni nimesema hivyo.

Kitambulisho cha mwandishi wa habari hutolewa na nani?

Kwa miaka mingi kilitolewa na Idara ya Habari, MAELEZO, ndiyo maana wakongwe wengi bado wanakiita kadi ya Maelezo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari na kuikabidhi kazi hiyo, pamoja na kutunza orodha ya waandishi wenye ithibati, yaani idhini rasmi ya kufanya kazi hii, na kumsimamisha au kumfuta anayekiuka maadili. Zaidi ya miaka 8 ilipita kabla Bodi yenyewe haijazinduliwa. Ilizinduliwa Machi 2025, mwenyekiti wake akiwa Tido Mhando, mwandishi mkongwe aliyewahi kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Maombi hufanyika kwa mtandao kupitia mfumo uitwao TAI-Habari. Ada na viambatisho vinavyotakiwa visome humo humo kwenye mfumo, usitegemee ya kuambiwa na mtu kijiweni.

Ukiacha hicho cha Bodi, kuna kitambulisho cha chombo cha habari, cha klabu ya waandishi ya mkoa, na cha mashirikisho ya kimataifa. Kila kimoja kinasema jambo lake, na sehemu kubwa ya mkanganyiko tunaouona getini inatokana na kuvichanganya.

Sina mwajiri. Sheria inanitambua?

Inakutambua. Tafsiri ya mwandishi wa habari ndani ya sheria hiyo inamhusu aliyeajiriwa na anayejitegemea. Kwa hiyo afisa akikuambia "wewe hauna chombo, basi siyo mwandishi," hilo halimo kwenye sheria.

Ila tafsiri hiyo hiyo inamtaja mwandishi kuwa ni mtu aliyepewa ithibati chini ya sheria. Yaani mlango umefunguliwa kwa wa kujitegemea, na papo hapo umefungwa kwa asiye na ithibati, kwa sababu kufanya kazi ya uandishi bila ithibati kumefanywa kosa. Kuelekea Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 Bodi ilirudia mara nyingi kuwataka waandishi waombe. Ushauri wangu ni omba. Mijadala kuhusu uhalali wa mfumo huu ni ya kweli, nitaigusa chini, lakini mwenye kuumia mjadala ukikwama ni mwandishi wa kijijini asiye na wakili wala mhariri wa kumpigia simu OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

Natakiwa kuwa na elimu gani?

Kiwango cha chini kilichowekwa ni stashahada ya uandishi wa habari au fani inayofanana. Kanuni za mwaka 2017 zilitoa kipindi cha mpito cha miaka 5 ili waliokuwa kazini bila sifa hiyo wasome.

Hapa Kusini sharti hili lilibana kuliko lilivyobana Dar es Salaam. Anayeripoti akiwa Tandahimba, mwenye cheti na miaka mingi ya kazi, hana chuo cha uandishi jirani cha kuhudhuria jioni na kurudi nyumbani. Kusoma kwake maana yake ni kuhama, na kuhama maana yake ni kupoteza kipato na vyanzo vya habari kwa wakati mmoja. Sikubaliani na wanaosema wote waliokosa stashahada ni makanjanja. Nimesoma habari za korosho zilizoandikwa na watu wa cheti ambazo zilikuwa na hesabu sahihi na majina sahihi, na nimesoma za wenye shahada ambazo hazikujua tofauti ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na chama kikuu. Lakini sharti lipo, na anayeweza kusoma asome.

Kwa kazi zetu za huku, kitambulisho kinanisaidia nini hasa?

Kinasaidia zaidi pale penye geti, mlinzi au itifaki. Nianze na korosho, kwa kuwa ndiyo habari yetu kubwa kuanzia Oktoba. Mnada wa chama kikuu cha ushirika TANECU kule Tandahimba na Newala, au wa MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, hufanyika mbele ya wakulima na kuingia siyo tabu. Tabu inaanza ukitaka kufika ghalani kuona mzigo uliokaa, au kupata karatasi ya bei na kilo kutoka kwa mtendaji wa chama. Hapo swali la kwanza ni "unatoka wapi?" Kitambulisho kinalijibu kabla mazungumzo hayajageuka ugomvi. Msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusimamia, hali ghalani ilikuwa nyingine kabisa: askari langoni hana muda wa kusikiliza historia ya maisha yako.

Bandari ya Mtwara, mitambo ya gesi ya Madimba, na maeneo mengine yanayolindwa ni hadithi nyingine. Huko kitambulisho ni mwanzo tu wa maombi. Unahitaji kibali cha maandishi cha mamlaka ya eneo lenyewe, na kupiga picha bila kibali kunaweza kukuingiza kwenye kesi nzito hata ukiwa na ithibati mfukoni. Ziara za viongozi wakuu nazo huwa na orodha zake. Jina lako linatakiwa lifike ofisi ya mkuu wa mkoa au wilaya mapema. Vituo vya kupigia kura vina kibali cha Tume ya Uchaguzi. Hospitali, iwe Ligula au Sokoine pale Lindi, ina uongozi wa kuuliza, na juu ya uongozi kuna mgonjwa. Mgonjwa akikataa kupigwa picha, mjadala umeisha.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitaji: barabara. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga, watu wa makao makuu walikuwa upande mmoja na habari iko upande wa pili. Waliokuwa huku ndio waliokuwa na kazi. Mahali pa namna hiyo kuna polisi, kuna watu wa TANROADS, kuna abiria waliolala ndani ya mabasi, na kuna hofu. Mwenye kitambulisho anaruhusiwa kusogea hatua chache zaidi ya mwananchi mwingine, na hatua hizo ndizo zinazotofautisha picha ya maji na picha ya daraja lililoondoka.

Ni wapi sihitaji kitambulisho?

Pengi kuliko tunavyodhani, na hili naomba lisomwe kwa makini kwa sababu waandishi wengi chipukizi hukaa nyumbani wakisubiri kadi ilhali milango iko wazi.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Haijasema mwandishi, imesema kila mtu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukitaka kujua fedha za ujenzi wa zahanati ya kijiji zimefikia wapi, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, taja sheria, weka tarehe, peleka nakala mbili na hakikisha moja imegongwa muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha omba uamuzi upitiwe upya. Nakala yenye muhuri imewahi kuwatoa jasho watu ambao kitambulisho hakikuwatisha.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wazima. Kama unaishi hapo, una haki ya kukaa na kusikia mapato na matumizi yakisomwa. Kikao cha baraza la madiwani kwa kawaida ni cha wazi, hivyo muulize afisa habari wa halmashauri tarehe yake. Mahakamani unaweza kuingia na kusikiliza kesi ya wazi kama mtu mwingine yeyote, ila kamera na kinasa sauti ni kwa ruhusa ya mahakama. Simu izimwe.

Kitambulisho cha klabu ya waandishi kina uzito gani?

Kisheria hakichukui nafasi ya ithibati. Kwa maisha ya kila siku kina uzito mkubwa, na nadhani wanaokidharau hawajawahi kukwama. Klabu za Mtwara na Lindi, zilizo chini ya Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania, zinawajua wanachama wao kwa sura na kwa kazi. Ukishikiliwa Nachingwea saa mbili usiku, anayeweza kumpigia kamanda wa polisi na kusema "huyo ni mwenzetu, tunamfahamu" ni kiongozi wa klabu. Kwa mwandishi aliyeajiriwa kuna mhariri wa kufanya hivyo. Kwa wa kujitegemea, klabu ndiyo familia pekee ya kazi aliyonayo.

Sharti langu moja tu: klabu ichuje. Klabu inayogawa kadi kwa kila mwenye simu inawachafulia jina wale wanaofanya kazi.

Na barua ya mhariri?

Hii ndiyo karatasi ninayoithamini kuliko zote kwa mtu wa kujitegemea, na ndiyo wengi wanasahau kuiomba. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Barua inasema umekuja kufanya nini, kwa ajili ya nani, na nani atawajibika habari ikitoka. Mtendaji wa kijiji anayeogopa kuzungumza mara nyingi haogopi sura yako. Anachoogopa ni kesho yake, mkurugenzi akimuuliza "ulizungumza na nani, na kwa kibali gani?" Barua inampa jibu.

Iombe mapema, kabla hujapanda gari. Iwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye NIDA, mada ya habari, maeneo utakayofika, tarehe za kuanza na kumaliza, na simu ya mezani ya chumba cha habari. Mhariri anayekataa kukuandikia barua na wakati huo huo anataka habari ya uchunguzi ujue amekuambia kitu: ukipata matatizo, utakuwa peke yako. Kama habari yenyewe ni ya hatari, mimi nisingeenda.

Nimeona mtandaoni kadi za kimataifa zinauzwa. Ninunue?

Hapana. Tovuti inayokutumia kadi yenye neno la Kiingereza kwa herufi kubwa nyekundu, bila kuuliza umeandika nini na wapi, imekuuzia plastiki. Mlinzi wa kampuni ya gesi hatadanganyika, na polisi akishuku anaweza kukutuhumu kwa kutumia kitambulisho cha kughushi.

Kadi ya kimataifa inayoheshimika ni ya Shirikisho la Kimataifa la Waandishi wa Habari, lenye makao makuu Brussels. Hiyo hupatikana kupitia chama cha waandishi kilicho mwanachama wa shirikisho, na chama ndicho kinachothibitisha kuwa wewe unaishi kwa kazi hii. Inafaa ukivuka mipaka. Hapa nyumbani haikuondolei wajibu wa ithibati.

Je, kitambulisho kitanilinda?

Swali hili linaumiza, na jibu la kweli ni: kidogo, na dhidi ya baadhi ya watu tu.

Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi akiwa Kibiti, mkoa wa Pwani, njia hii hii tunayopita sisi tukienda Dar es Salaam. Alikuwa akiripoti mauaji ya viongozi wa vijiji na raia. Novemba 21, 2017 alichukuliwa, na mpaka leo hajarudi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten hakuwa mgeni kwa polisi wa Iringa. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya mkoa. Aliuawa Septemba 2, 2012 pale Nyololo, akiwa kazini, katikati ya askari. Ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka Aprili 2020 baada ya kutuma ujumbe kwamba amezungukwa na wanajeshi. Wote watatu walijulikana kuwa waandishi. Kujulikana hakukuwaokoa.

Na hatari haitoki upande wa dola peke yake. Mtwara ya mwaka 2013 tunaikumbuka. Vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam zilipolipuka Mei mwaka ule, baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni, nyumba ya mwandishi wa televisheni ya taifa ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa. Watu walikuwa na hasira na chombo, wakammalizia hasira mtu. Katika hali ile kitambulisho shingoni ni alama ya kulengwa. Kiweke mfukoni, kitoe pale tu unapoulizwa na mwenye mamlaka ya kuuliza, na usiingie kwenye umati ambao hakuna hata mtu mmoja anayekufahamu.

Kinacholinda zaidi ni watu kujua ulipo. Kabla ya kutoka, mwambie mtu mmoja wa familia na mwanachama mmoja wa klabu: naenda kijiji fulani, nitakuwa na fulani, saa fulani nitapiga. Isipopigwa simu hiyo, waanze kuuliza saa hiyo hiyo, wasingoje kesho.

Ninataka kuripoti mpakani na Msumbiji. Kitambulisho kinatosha?

Hakitoshi. Tangu mashambulizi ya wapiganaji yaanze Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya upande wetu kushambuliwa Oktoba 2020, vijiji vya kando ya Ruvuma viko chini ya ulinzi mkali. Mgeni mwenye kamera anashukiwa kwanza, anaulizwa baadaye. Pita kwa mkuu wa wilaya, pata ruhusa, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji kabla hujatoa kifaa chochote kwenye begi.

Usivuke ng'ambo kwa ujanja wa mtumbwi. Ithibati ya Tanzania haina nguvu Msumbiji. Na hata wenyeji wa kule hawako salama: Amade Abubacar, mwandishi wa redio ya jamii huko Macomia, alikamatwa Januari 2019 akizungumza na watu waliokimbia makazi yao, akawekwa ndani kwa miezi.

Sheria ya kimataifa ya kivita, kwa maana ya Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, inasema mwandishi aliye kwenye eneo la mapigano ahesabiwe kuwa raia na alindwe kama raia. Ni vizuri kulijua hilo. Lakini mpiganaji wa msituni hajaisoma itifaki hiyo.

Nikiwa nacho, watu wataniamini?

Ofisini, ndiyo, kwa dakika chache. Kijijini, wakati mwingine kinakuharibia.

Mzee wa Kimakonde aliyekopwa korosho zake na malipo yakachelewa ameshaona wengi wenye kadi shingoni: waliokuja na gari la halmashauri, wakala chakula cha mgeni rasmi, wakaandika kwamba wakulima wamefurahi. Kwake kadi na gari lile ni kitu kimoja. Ukitaka akuamini, fika bila msafara. Msalimie, kaa, mwache aulize maswali yake kwanza: umetumwa na nani, jina langu litatoka, AMCOS wakijua itakuwaje? Jibu kila moja kwa ukweli, hata kama jibu litakukosesha habari. Ukiahidi kuficha jina, lifiche hata mhariri akikasirika. Habari ikitoka, rudi au piga simu umsomee. Hili la kurudi ndilo linalojenga jina la mwandishi wa mkoani, kwa sababu sisi tunakutana na vyanzo vyetu sokoni, msikitini na msibani. Mwandishi wa Dar es Salaam anaweza kukosea jina la kijiji na kupanda basi. Sisi tunabaki.

Halafu kuna suala la bahasha. Nalitamka bila kuzunguka kwa kuwa ndilo linaloua uaminifu wetu kuliko ukosefu wa kadi. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kidogo kwa habari moja, na mara nyingi nauli ya kwenda Liwale na kurudi inazidi malipo yenyewe. Mwenye tukio anajua hivyo, anaandaa "nauli". Ukiipokea umeshaandika nusu ya habari kwa kalamu yake. Najua ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kusema usipokee. Kwa hiyo nasema pia upande wa pili: vyombo vinavyotumia habari zetu bila kulipa gharama za safari vinashiriki kosa hilo, na Bodi inayodai stashahada kutoka kwetu ingefaa iulize vyombo hivyo vinatulipa nini.

Nitamtambuaje kanjanja? Nauliza kama afisa, au kama mwananchi niliyefuatwa na "mwandishi".

Uliza mambo manne. Kitambulisho chake kiko wapi na muda wake haujaisha? Habari itatoka kwenye chombo gani? Mhariri ni nani na simu yake ni ipi? Nionyeshe kazi yako ya mwisho. Mwandishi wa kweli hakasirishwi na maswali haya, yeye mwenyewe anaishi kwa kuuliza.

Dalili kubwa ya tapeli ni kutaja fedha. Anayesema "nina habari yako mbaya, tukiyamaliza haitatoka" ni mhalifu, awe na kadi au asiwe nayo. Mripoti polisi au TAKUKURU, na ijulishe klabu ya mkoa. Kukaa kimya na kumlipa ni kumtuma kwa jirani yako.

Serikali ikiwa ndiyo inayotoa kitambulisho, uhuru uko wapi?

Ni swali halali, na limeulizwa mahakamani. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, wakipinga vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Machi 28, 2019 mahakama ilisema vifungu kadhaa, vikiwamo vya ithibati, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliondoa jinai katika kashfa, hatua niliyoipokea kwa furaha. Ithibati imebaki.

Mbali zaidi, Novemba 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa maoni, katika suala lililotoka Costa Rica, kwamba kumlazimisha mtu awe na leseni ndipo afanye uandishi kunapingana na uhuru wa kujieleza. Hoja yake ilikuwa kwamba uandishi hauwezi kutenganishwa na haki ya kila mtu kusema. Ufaransa nayo ina kadi tangu sheria ya 1935, lakini inatolewa na tume yenye wawakilishi wa waandishi na waajiri, na kigezo kikuu ni kwamba sehemu kubwa ya kipato chako itoke kwenye uandishi. Asiyekuwa nayo hazuiwi kuandika.

Msimamo wangu: kadi inayothibitisha kazi ni jambo jema, na iwe mikononi mwa waandishi wenyewe zaidi ya ilivyo sasa. Kadi inayoweza kuondolewa kwa sababu habari imemkera mkubwa inamweka pabaya hasa mtu wa kujitegemea, kwa kuwa hana mshahara wa kumshikilia wakati anakata rufaa.

Nina chaneli ya mtandaoni. Ithibati inatosha?

Hapana, hayo ni mambo mawili. Ithibati ni ya mtu. Leseni ya maudhui mtandaoni ni ya jukwaa, nayo iko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kanuni zilizoanza mwaka 2018 na kufanyiwa mabadiliko baadaye. Anayechapisha habari kwa umma kama chombo anahitaji kuangalia anaangukia kundi gani la leseni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inamhusu kila mtu, hasa kifungu cha kusambaza taarifa za uongo. Kabla ya kurusha habari ya "inasemekana", kumbuka kwamba hakuna mhariri wa kukuzuia wala wa kukutetea.

Waandishi wa kigeni wananiajiri niwaongoze na kuwatafsiria. Nahitaji kitambulisho?

Kipate. Wageni wanaokuja kwa ajili ya gesi ya Lindi, mpaka au korosho wana vibali vyao, na wakimaliza wanapanda ndege. Wewe unabaki na majina ya waliohojiwa na maswali ya maafisa. Hakikisha vibali vyao viko sawa kabla ya kuwapeleka popote, dai mkataba wa maandishi, na dai jina lako litajwe kwenye kazi kama ni salama kutajwa. Novemba 2018 wafanyakazi wawili wa shirika la kimataifa la kutetea waandishi, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walishikiliwa Dar es Salaam na pasipoti zao zikachukuliwa kwa muda. Kama wageni wanaojulikana duniani yaliwakuta, mwenyeji wao wa Mtwara ajipange zaidi.

Afisa amekichukua kitambulisho changu. Nifanye nini?

Usivutane naye. Uliza jina lake, cheo chake na kituo chake, na uandike mbele yake. Piga simu klabu, kisha mhariri. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe taarifa na upewe namba ya RB, hata kama aliyekichukua ni polisi mwenyewe. Halafu iandikie Bodi. Weka picha ya kitambulisho, barua ya mhariri na namba za simu muhimu kwa mtu mwingine, maana simu yako nayo inaweza kuchukuliwa.

Muda wake ukiisha nikiwa katikati ya kazi?

Kilichoisha muda ni sawa na kutokuwa nacho, na mlinzi makini anaangalia tarehe kabla ya picha. Anza kuhuisha mapema, hasa kabla ya Oktoba, kwa sababu msimu wa minada ukifunguliwa hutakuwa na siku ya kukaa kwenye mtandao wa kusuasua wa Newala ukipakia vyeti. Ukichelewa, baki na kazi zisizohitaji geti: mikutano ya vijiji, baraza la madiwani, barua zako za kuomba taarifa. Kuna habari nyingi humo ambazo hakuna aliyezigusa.